Kumpokonya mtoto simu: tunamlinda mtoto, au tunamlinda anayemwinda?

#1 Mama Tatu
Wakuu, salaam.

Naleta hoja nikijua wengi mtanirukia. Wazazi wengi tuna onyo moja kuhusu mitandao: "Siku nikikukuta unachati na mtu nisiyemjua, simu naichukua." Tunaliona ni ukali mzuri wa malezi. Mimi nasema onyo hilo ndilo silaha kubwa ya mtu anayewinda watoto kingono mtandaoni, na sisi ndio tunaomkabidhi.

Angalieni anavyofanya kazi. Haanzi na kuomba picha. Anaanza na sifa, anamsikiliza mtoto, anamuuliza kuhusu siku yake, anakumbuka jina la rafiki yake waliyegombana. Kisha inakuja siri ndogo: "Usimwambie mama, hatatuelewa." Siri ya pili inakuwa kubwa kidogo. Akishapata picha moja tu, sauti inabadilika: tuma nyingine, la sivyo hii anaiona baba yako na darasa lako zima. Hapo mtoto anapiga hesabu. Nikisema nyumbani, napigwa na simu inakwenda. Nikinyamaza, labda huyu ataniacha. Hesabu hiyo tumemtungia sisi.

Swali langu kwenu wazazi na walezi: mnaweza kumwahidi mtoto leo, kabla hakijatokea chochote, kwamba akija kukwambia hatapigwa wala kupoteza simu, hata kama picha ameituma kwa mkono wake?

#2 Babu Kijiko
Napiga kambi hapa. Nina wajukuu wanne na wote wananizidi ujuzi wa simu.

#3 Mzee Kobe
Mama Tatu, heshima yako, ila sikubaliani. Mtoto wa miaka 11 anafanya nini na simu yenye kamera, chumbani, saa tano usiku, mlango umefungwa? Tunajadili ahadi na maridhiano ilhali tumeshamweka mtoto mahali ambapo yeyote duniani anaweza kumfikia. Asiye na simu hafikiki. Hizi programu zenyewe zimeweka miaka 13, na umri huo uliwekwa na wataalamu wa malezi walioona kwamba chini ya hapo mtoto hawezi kupambana na walaghai.

#4 Wakili Pembe
Mzee Kobe, hilo la miaka 13 si sahihi. Limetokana na sheria ya Marekani iitwayo COPPA, ya mwaka 1998, inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya taarifa binafsi. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi kuandika "lazima uwe na miaka 13" kuliko kuhangaika na idhini ya kila mzazi. Hakuna aliyepima kwamba mtoto akifikisha 13 yuko tayari kukutana na watu wazima asiowajua.

Ukitaka mfano unaokuunga mkono, tazama Australia. Bunge lao lilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, inayozitaka kampuni kubwa za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Faini ni ya kampuni. Mzazi na mtoto hawaadhibiwi.

#5 Mzee Kobe
Asante kwa sahihisho. Umenipa nguvu zaidi: kama hata hiyo 13 haikupimwa, na ipande.

#6 fundi_wa_data
Mnaizungumzia simu, gemu mmezisahau. Mtoto hana simu, sawa, ila anacheza gemu kwenye runinga sebuleni, spika za masikioni zimefunika, anaongea na watu ambao wewe husikii sauti zao. Unaona mtoto yuko machoni pako, unatulia.

Njia ninayoiona mara nyingi ni hii: mtu anacheza na mtoto siku kadhaa, anamsaidia kupita hatua ngumu, anampa zawadi za ndani ya gemu, halafu anasema "tuhamie kule tuchati vizuri". "Kule" ni programu ya ujumbe wa faragha, mara nyingi yenye ujumbe unaojifuta. Mimi wanangu nimewafundisha jambo moja kuliko yote: yeyote anayetaka kukuhamisha kutoka mahali penye watu kwenda mahali mlipo wawili tu, njoo uniambie, hata kama ni mtu mzuri. Hasa kama ni mtu mzuri.

#7 Jasiri
Shikamooni. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo ndiye mnayemjadili.

Mnavyowaelezea hawa watu, mtu anapata picha ya zee limejificha gizani. Hao tunawatambua, tunawazuia, tunaendelea na maisha. Wasichana wa darasani kwetu wanapata ujumbe wa aina hiyo mpaka wamechoka kuushangaa. Anayemnasa mtu si huyo. Ni yule anayekuwa mtu wako wa karibu kabla hujajua kama kuna hatari yoyote. Kwa hiyo mzazi akiuliza "unachati na mtu usiyemjua?", mtoto anajibu "hapana" na hajadanganya. Moyoni mwake anamjua.

Jambo lingine: rafiki yangu alipotishiwa hakwenda kwa mama yake, alikuja kwangu. Sikuwa na la kumwambia. Mnatufundisha tusitume picha, hamtufundishi la kufanya rafiki akishatuma.

#8 Ticha wa Zamu
Marahaba, Jasiri. Aya yako ya mwisho naipeleka kwenye kikao cha walimu.

#9 Babu Kijiko
Ticha na vikao vyake! Kijana wa watu hata hajamaliza kuandika, keshapangiwa ajenda.

#10 Zuhura
Naunga mkono #7 kwa yaliyonipata. Nilikuwa na miaka 14. Yeye aliniambia tangu mwanzo kwamba ana 26. Hakuficha umri, hakuficha kwamba anataka mapenzi. Nilijua ninaongea na mtu mzima na nilijisikia nimechaguliwa. Nyumbani kulikuwa na ugomvi usioisha, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akiniuliza nimekula nini. Watu wazima walipogundua, swali la kwanza lilikuwa "ulidanganywaje?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa namna nilivyoliona wakati ule, sikudanganywa. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mtu wa miaka 26 anayejua una 14 na bado anaendelea ameshatenda kosa, hata kama kila neno alilosema lilikuwa la kweli.

Ndiyo maana mafunzo ya "jihadharini na akaunti feki" hayakunigusa. Yake haikuwa feki.

#11 Kalamu Nzito
Pole sana Zuhura, na asante kwa kuandika.

Alichosema kina utafiti nyuma yake. Mwaka 2008, Janis Wolak, David Finkelhor na wenzao wa Chuo Kikuu cha New Hampshire walichapisha makala kwenye jarida la American Psychologist kuhusu kesi za Marekani ambazo mhalifu alianzia kwa mtoto mtandaoni. Waliojifanya ni vijana wenzao walikuwa asilimia 5 tu. Wengi walioathirika walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 17 waliojua wanaongea na mtu mzima, na wengi walikwenda kukutana naye wakijua kuna suala la ngono. Watafiti walisema wazi kwamba makosa mengi kati ya hayo yanafanana na yale ambayo sheria nyingi zinayaadhibu kwa sababu ya umri, hata pale kijana anaposema alikubali.

Kwa hiyo mimi namwangalia mtoto kwanza: nani anamsikiliza, nani anamchoka. Kifaa nakiweka nyuma.

#12 Ticha wa Zamu
Kalamu, takwimu hizo ni za zamani mno kubeba uzi huu. Kesi zilikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya simu za leo. Na umeacha nje janga linalowakumba wavulana.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wamekuwa wakitahadharisha kwa miaka kadhaa kuhusu vitisho vya picha vinavyowalenga zaidi wavulana wa miaka 14 hadi 17. Hapo uongo ndio kila kitu: akaunti ya msichana mrembo wa rika lake, mazungumzo ya muda mfupi, picha, kisha madai ya pesa. Hakuna miezi ya kumrubuni, wala hakuna "nimekula nini". Machi 2022 kijana wa miaka 17 huko Michigan alijiua saa chache baada ya kuanza kutishiwa. Waliomtishia walikuwa wanaume watu wazima waliokuwa Lagos, wakitumia akaunti iliyodukuliwa. Alilipa dola 300, wakataka zaidi. Ndugu wawili walipelekwa Marekani na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa miaka 17 na miezi 6.

Kijana huyo hakuwa mtoto aliyetelekezwa. Upweke hauelezi kila kitu. Saa chache zinatosha.

#13 Neema ya Asubuhi
Ticha, umenikumbusha Amanda Todd, yule binti wa Marekani aliyerekodi video akionyesha kadi moja baada ya nyingine bila kusema neno. Mpaka leo nikiikumbuka nalia.

#14 Wakili Pembe
Neema, Amanda Todd alikuwa wa Kanada. Alifariki Oktoba 2012 akiwa na miaka 15. Mtu aliyemtesa alikuwa Uholanzi, na mahakama ya Kanada ilimtia hatiani Agosti 2022, akahukumiwa miaka 13. Hesabu mwenyewe: miaka 10 kati ya kifo na hukumu. Mhalifu yuko nchi moja, mtoto nchi nyingine, kampuni yenye ushahidi ya tatu. Watu wakisema "polisi hawafanyi kitu", sehemu ya jibu ni hiyo. Na bado ripotini, kwa sababu mtu kama huyu huwa na watoto wengine anaowatishia wakati uleule.

#15 Neema ya Asubuhi
Asante wakili. Kanada.

#16 mpita_njia88
Watoto milioni 36 kwa mwaka mmoja wananyanyaswa mtandaoni, takwimu za Marekani za 2023. Tunazungumza nini tena, zima intaneti.

#17 fundi_wa_data
Hapana, hizo si idadi ya watoto. Kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC, kilipokea *ripoti* milioni 36.2 mwaka 2023, kutoka duniani kote, karibu zote zikitumwa na kampuni za mitandao. Picha moja ikisambazwa mara elfu inaweza kuzaa ripoti nyingi, na mtoto ni yuleyule mmoja. Mwaka 2024 ripoti zilishuka hadi milioni 20.5, sehemu kwa sababu ripoti za tukio moja zilianza kuunganishwa. Ukisema watoto milioni 36, mwaka unaofuata mtu atasema tatizo limepungua kwa karibu nusu, na wote wawili mtakuwa mmekosea.

#18 Mzee Kobe
Nataka kuuliza jambo la kivitendo. Nikikuta mtu anamwandikia mjukuu wangu hivi, kwa nini nisijifanye mimi ndiye mtoto, nikamvuta mpaka tukutane, nikamkamata na vijana wa mtaa? Dakika tano zingetosha kumfunza adabu.

#19 Wakili Pembe
Mzee wangu, hasira yako naielewa, lakini usithubutu. Utaharibu ushahidi, wakili wake atasema umemchokoza, utajiweka hatarini, na huenda ukampiga asiyehusika. Pia ukianza kumjibu kwa jina la mtoto, ataomba picha. Utamtumia nini?

#20 Nesi Mwanaidi
Nafanya kazi kwenye simu ya msaada kwa watoto, nikae kwenye la kufanya, maana Jasiri ameuliza tangu #7 na tumempita.

Mtoto akija kwako, au rafiki akija kwako Jasiri, la kwanza ni kumwambia kosa ni la aliyetishia na kwamba jambo hili lina njia ya kutoka. Usiulize "kwa nini ulituma". Swali hilo likitoka kwanza, mara nyingi mazungumzo yanafia hapo. Usiku huo asiachwe peke yake. Vitisho hivi vinakuja kwa kasi na vinamfanya aamini kwamba maisha yameisha kabla ya asubuhi. Akigusia kutaka kujidhuru, kaeni naye na tafuteni msaada wa dharura saa hiyohiyo.

Pesa msilipe, picha nyingine msitume. Aliyelipa mara moja ameshajulikana kwamba analipa. Acheni kumjibu, ila msifute mazungumzo kwa aibu. Hifadhini jina la akaunti, kiungo chake, tarehe, maneno ya vitisho, namba aliyotaka pesa ziende. Kisha ripotini ndani ya programu yenyewe na polisi, ndipo mumzuie. Angalizo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: picha ya utupu ya mtoto msiitume kwa mjomba, mwalimu au kundi la ukoo "ili waone". Nchi nyingi kuisambaza ni kosa hata kwa nia njema, na kwa mtoto ni kuvuliwa nguo upya kila inapofunguliwa. Polisi waulizeni wanataka kuipokea vipi.

Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure ya NCMEC iitwayo Take It Down, inayopokea maombi kutoka nchi yoyote, bila jina. Picha haitoki kwenye simu. Inatengenezwa alama yake ya kidijitali, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziizuie.

Na Jasiri, hukupaswa kuwa na jibu lote. Kazi yako ni kumshika mkono mpaka kwa mtu mzima mmoja anayeaminika. Kama wa kwanza akimgombeza, mpeleke kwa wa pili.

#21 Jasiri
Asante sana nesi. Nimeihifadhi.

#22 fundi_wa_data
Naongeza kwa #20: kufananisha alama si jambo jipya, Microsoft walitoa PhotoDNA mwaka 2009. Inatambua picha *inayojulikana tayari*. Picha mpya haimo kwenye orodha. Pia haina nguvu kwenye kampuni isiyojiunga, wala ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, yaani yanayosomeka na wanaochati tu, hata kampuni haiyaoni. Itumieni, mkijua mipaka yake.

#23 Neema ya Asubuhi
Na hizi picha za kutengenezwa na akili bandia? Binti hajatuma chochote, mtu anachukua picha yake ya sare ya shule anamvua nguo kwa programu. Hapo "usitume picha" inamsaidia nini?

#24 Nesi Mwanaidi
Haimsaidii. Internet Watch Foundation, shirika la Uingereza linalopambana na picha za unyanyasaji wa watoto mtandaoni, walitoa ripoti kuhusu picha za namna hiyo Oktoba 2023 na hali imezidi tangu hapo. Hatua ni zilezile, na Take It Down inapokea hata picha hizo. Ila familia ianze kwa kumwamini mtoto anaposema "si mimi". Na hata ingekuwa ni yeye, msaada ni uleule.

#25 Mama wa Kulwa
Nimesoma uzi wote kimya. Mama Tatu, hoja yako ni nzuri ila ina shimo. Huko Uingereza kuna mvulana wa miaka 14, Breck Bednar, aliyeuawa Februari 2014 na kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiongoza kundi lao la kucheza gemu. Mama yake hakuwa mzazi wa kulala. Aliona mwanawe anabadilika, akaongea naye, akaweka masharti, akazungumza na wazazi wengine, akapiga simu polisi miezi miwili hivi kabla. Mtoto aliendelea kumwamini yule kijana kuliko mama, kwa sababu alishamwaminisha kwamba mama ndiye tatizo. Baada ya hapo yule mama alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe, inafundisha watoto mpaka leo.

Kwa hiyo mnaposema "mazungumzo yatamwokoa", mnamwachia mzazi mzigo ambao hata mzazi bora hawezi kuubeba peke yake. Alihitaji polisi wenye kuchukua hatua. Ahadi yako ya #1 isingetosha.

#26 Mama Tatu
Mama wa Kulwa, nimesoma mara mbili. Nakubali kwamba haitoshi. Sikubali kwamba kwa hiyo tuiache. Kwa binti anayetishiwa usiku wa leo, polisi ni wa kesho na kampuni ni za mwezi ujao. Mimi niko chumba cha pili. Nataka ule umbali wa kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni kwangu uwe mfupi kuliko woga wake.

#27 Mzee Kobe
Na mimi bado nasema angekuwa hana simu kitandani, usiku huo usingekuwepo. Vifaa vyote vilale sebuleni, vya wazazi pia. Ahadi muitoe, kufuli muweke. Sioni kwa nini moja limfukuze mwenzake.

#28 Zuhura
Mzee, mimi yangu yalitokea mchana, kwenye kompyuta ya familia, sebuleni.

#29 Wakili Pembe
Nirudi kwa fundi, #22. Unautaja usimbaji kama hali ya hewa, kumbe ni uamuzi wa kampuni. Facebook walipoufanya kuwa wa kawaida kwenye Messenger Desemba 2023, mashirika ya kulinda watoto yalipinga. Mtu anayeweza kumfikia mtoto asiyemjua na papo hapo kufunga mazungumzo yasionekane na yeyote amepewa chumba na ufunguo. Mzazi hawezi kulitatua hilo mezani.

#30 fundi_wa_data
Wakili, chumba hichohicho ndicho anachotumia mtoto anayenyanyaswa na baba wa kambo kumwandikia shangazi yake. Ukivunja kufuli kwa mmoja umevunja kwa wote. Mimi ningeanzia kwingine: akaunti ya mtoto isiweze kuandikiwa na mtu mzima asiye kwenye orodha yake, na orodha ya marafiki zake isionekane na mgeni, maana ile orodha ndiyo mtishaji anayoipiga picha na kusema "hawa wote watakuona". Hayo yanawezekana bila kusoma ujumbe wa mtu yeyote.

#31 Wakili Pembe
Kwenye orodha ya marafiki tuko pamoja. Kwenye usimbaji bado hujanishawishi.

#32 Babu Kijiko
Nimewaita wajukuu nikawaambia maneno ya #1. Mdogo kaniuliza: "Hata kama ni mtu wa humu nyumbani, babu?" Nikamwambia hata huyo. Wenye ujuzi, swali hilo la mtoto wa miaka 9 nilichukulie ni udadisi tu, au nimfuatilie?

#33 Nesi Mwanaidi
Mfuatilie, babu, taratibu, leo hii. Wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaofahamika nyumbani, na mtandao ni njia wanayoitumia pia. Kaa naye mkifanya kazi nyingine, umuulize "uliponiuliza vile ulikuwa unamfikiria nani?" kisha unyamaze. Usimtajie jina wewe. Nimekutumia ujumbe wa faragha, tafadhali ufungue.

#34 Babu Kijiko
Naufungua sasa hivi.

#35 mpita_njia88
Na kama anayemshinikiza binti atume picha ni mvulana wa miaka 15 wa darasa lake? Huyo naye tumwite mwindaji, tumpeleke polisi?

#36 Ticha wa Zamu
Hilo ndilo ninalolipata shuleni kuliko yote yaliyotajwa humu. Lifungulie uzi wake, nitakuja huko na mifano. Na mwiteni Jasiri pia.